Sindano ya mtoto huanzia mezani: mwongozo kwa muuguzi anayeanza kazi

Wiki yako ya kwanza kliniki ya mama na mtoto, kitakachokutisha ni kilio. Mabenchi yamejaa, watoto wanaambukizana kulia, na mkono wako unatetemeka juu ya paja dogo lisilozidi kiganja. Mkono huo utatulia. Mwezi hautaisha kabla hujauzoea. Ninachokihofia zaidi kwa muuguzi mpya hutokea kabla hajamgusa mtoto: pale mezani anapochukua kichupa, anapochanganya, anapovuta dawa. Misiba mikubwa ya sindano za watoto ninayoijua ilikuwa imeshaingia ndani ya bomba wakati mtoto bado amefungwa kanga mgongoni kwa mama yake.

Kwa hiyo hapa tutakaa mezani muda mrefu kuliko pajani. Naandika nikiifikiria zahanati ya kawaida ya Tanzania: wauguzi wawili, friji moja ya chanjo, foleni inayofika nje chini ya mwembe. Kama jambo nililoandika linatofautiana na mwongozo wa wizara uliobandikwa ukutani kwako, fuata wa ukutani.

Meza kwanza

Osha mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni, sekunde 40 hadi 60, kisha iache ikauke. Rudia kila unaposhika kitu kichafu: daftari, simu, mlango, nepi. Glavu si lazima kwa kila sindano ya chanjo, ila vaa kama una kidonda mkononi au unatarajia damu. Glavu moja isiguse watoto wawili.

Boksi la njano la kutupia sindano liwe karibu, upande wa mkono unaochomea, ulifikie bila kuinuka na bila kuvuka juu ya mtoto. Wauguzi wengi waliojichoma walijichoma katika zile hatua tatu za kulifuata boksi lililowekwa kona ya chumba.

Pamba zisilowekwe kwenye bakuli la spiriti asubuhi zikatumika hadi saa nane. Najua utaikuta desturi hii sehemu nyingi, na atakayekufundisha anaweza kuwa mtu mwenye miaka ishirini kazini. Kila mkono unaoingia kwenye bakuli lile unaacha kitu. Chukua pamba kavu, ilowanishe pale pale unapoitaka. Kwa chanjo, ngozi iliyo safi inatosha. Ikiwa na uchafu, ioshe kwa maji. Ukitumia spiriti, subiri ikauke kabisa, hasa kwa BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, na surua, maana chanjo hizo zina vijidudu hai na spiriti huviua.

Sasa jambo kubwa. Meza ya chanjo iwe na chanjo peke yake. Friji ya chanjo iwe na chanjo na maji yake ya kuchanganyia, basi. Usiweke humo oksitosini, dawa ya uchungu ya chumba cha kujifungulia, wala insulini ya mgonjwa fulani, wala ampuli ya dawa ya usingizi iliyobaki. Sisemi hivi kwa ajili ya unadhifu.

Tarehe 6 Julai 2018, kwenye hospitali moja ya kisiwa cha Savai'i nchini Samoa, watoto wawili wa mwaka mmoja walikufa muda mfupi baada ya kuchomwa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Chanjo haikuwa na tatizo. Unga wake ulikuwa umechanganywa na dawa ya kulegeza misuli, ile inayotumiwa chumba cha upasuaji, badala ya maji yake. Dawa hiyo humfanya mtu ashindwe kupumua. Mwaka 2019 wauguzi wawili walihukumiwa kifungo cha miaka 5 kila mmoja. Wazazi waliiogopa chanjo, na mwishoni mwa mwaka huo huo surua ikaingia visiwani na kuua watu 83, wengi wao watoto wadogo. Kosa la namna hiyo hiyo lilikuwa limeshatokea Septemba 2014 katika mkoa wa Idlib, Syria, ambako watoto 15 walikufa. Ampuli mbili za kioo zinafanana, mtu amechoka, friji moja inabeba kila kitu.

Karibu zaidi na kwetu, Mei 2017, watoto 15, wote chini ya miaka 5, walikufa baada ya kampeni ya surua katika kijiji cha Nachodokopele, eneo la Kapoeta, Sudan Kusini. Uchunguzi ulikuta kwamba bomba moja la kuchanganyia lilitumika kwa siku zote nne za kampeni, chanjo ilikaa bila baridi, na waliochanja hawakuwa na mafunzo. Wadudu walizaliana ndani ya chanjo wakaingia kwenye damu ya watoto.

Nakusimulia haya mwanzoni kwa makusudi. Ukishayajua, kila hatua inayofuata utaiona ina sababu yake.

Kuchanganya chanjo ya unga

BCG na surua-rubela huja kama unga. Kila moja ina maji yake, yaliyotoka kiwanda kile kile, na hayo tu ndiyo yanayoruhusiwa. Maji ya sindano ya kawaida hapana, na maji ya BCG hayaingii kwenye surua. Soma jina kwenye kichupa cha unga, soma jina kwenye ampuli ya maji, soma tarehe ya mwisho ya vyote viwili. Yasome kwa sauti. Mwenzako akiwapo, mwonyeshe. Mkifanya hivyo kila siku haitawachukua hata nusu dakika.

Maji yawe na baridi sawa na chanjo, nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo yaingize kwenye friji tangu jana. Tumia bomba jipya na sindano mpya ya kuchanganyia kwa kila kichupa, kisha bomba hilo liende moja kwa moja kwenye boksi la njano. Andika saa uliyofungua juu ya kichupa, kwa kalamu isiyofutika. Saa 6 zikipita, au kliniki ikiisha kabla ya hapo, kilichobaki kinatupwa, hata kama ni dozi saba na mama mmoja amefika akikimbia kutoka kijiji cha mbali. Mfungulie kichupa kipya. Hesabu ya dozi zilizomwagwa isikufanye uone aibu. Chanjo ya surua iliyochanganywa haina kinga dhidi ya wadudu, na hayo ya Kapoeta yalianzia hapo.

Usiache sindano imechomekwa kwenye kifuniko cha kichupa ili uvute haraka haraka. Hiyo ni njia ya wadudu iliyo wazi saa zote.

Kabla ya kuvuta, tazama ile alama ya joto kwenye kichupa, mraba ndani ya duara. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, tumia. Ukilingana na duara au ukizidi weusi, weka pembeni. Alama hiyo inaonyesha joto tu. Haikuambii kama chanjo iliganda. Penta (chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja), PCV (ya nimonia) na IPV (ya polio, ya sindano) zikiganda zimeharibika, na mara nyingi huganda kwa sababu mtu alizibana na barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza. Acha barafu ianze kuyeyuka, uisikie ikicheza ndani ya pakiti ukiitikisa, ndipo upange kibeba chanjo.

Dawa zinazopimwa kwa kilo

Chanjo haipimwi kwa kilo. Dawa za wodini hazina huruma hiyo, na hapa ndipo nukta ya desimali inapoua.

Mpime mtoto leo. Uzito wa kwenye kadi wa mwezi uliopita ni wa mwezi uliopita, na mtoto aliyeharisha siku tatu si yule wa kwenye kadi. Mvue nguo nzito, hakikisha mzani uko kwenye sifuri ukiwa na suruali yake ya kuning'inizia.

Chukua gentamaisini, dawa ya kuua bakteria. Mtoto mchanga wa kilo 3, aliyezaliwa na uzito wa kawaida, katika wiki ya kwanza hupewa miligramu 5 kwa kilo mara moja kwa siku, yaani miligramu 15. Ampuli ya kawaida kwetu ina miligramu 80 ndani ya mililita 2, kwa hiyo kila mililita ina miligramu 40. Kumi na tano gawa kwa arobaini ni 0.375. Utavuta karibu mililita 0.38 kwa bomba la mililita 1. Sasa fikiria mtu amekosea nukta akapata 3.75: ni zaidi ya ampuli nzima, karibu mbili. Hiyo iwe kengele yako. Hesabu yoyote inayokutaka ufungue ampuli ya pili kwa ajili ya mtoto mchanga, simama, rudia kwenye karatasi, mwite mtu mwingine aihesabu bila kumwonyesha jibu lako. Kama hakuna bomba la mililita 1, litafute. Usikadirie kwa bomba la mililita 5. Na bomba la insulini limegawanywa kwa yuniti, usilitumie kupimia dawa nyingine.

Dawa nyingine utakayokutana nayo mapema ni atesuneti ya malaria kali. Jaribio kubwa lililofanyika katika nchi 9 za Afrika, Muheza na Korogwe zikiwamo, na Kilifi kwa majirani zetu wa Kenya, lilifuatilia watoto 5,425, na matokeo yalitoka mwaka 2010: waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa atesuneti asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza atesuneti kwa watoto. Unga wa miligramu 60 unachanganywa na mililita 1 ya sodiamu baikaboneti inayokuja nayo, unatikisa mpaka maji yawe angavu. Yakibaki na ukungu, mwaga. Kisha unaongeza maji-chumvi: mililita 5 kama unachoma mshipani, mililita 2 kama unachoma msulini. Maana yake ni kwamba kichupa kile kile kina nguvu mbili tofauti, miligramu 10 kwa mililita cha mshipani na miligramu 20 cha msulini. Mwenzako akikuachia bomba lililojaa bila maandishi, huna namna ya kujua ni ipi. Litupe uchanganye upya. Dawa hii hata hivyo haitunzwi zaidi ya saa 1.

Dozi ni miligramu 3 kwa kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, na 2.4 kwa kilo kuanzia kilo 20 kwenda juu. Wengi hushangaa kwamba mdogo anapewa zaidi kwa kila kilo. Ndivyo ilivyo, mwili wa mtoto mdogo huitumia dawa haraka. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 30, yaani mililita 3 kwa njia ya mshipa. Tumia jedwali lililo ukutani, na kumbuka ni sasa, baada ya saa 12, baada ya saa 24, halafu kila siku.

Neno moja kwa wale wanaoanzia wodi ya wazazi. Kila mtoto anayezaliwa anachomwa vitamini K, miligramu 1, pajani. Ampuli yake ni ndogo, na jirani yake kwenye trei ile ile huwa oksitosini au egometrini, dawa za mama za kubana mji wa mimba. Watoto wachanga wamewahi kuchomwa egometrini kwa bahati mbaya katika nchi nyingi, wakapata degedege na kushindwa kupumua. Trei ya mama na trei ya mtoto zisikae pamoja. Ukiweza kubadilisha jambo moja tu katika wodi uliyopangiwa, badilisha hilo.

Soma jina la dawa mara tatu: unapoichukua, unapovuta, na unapokiweka chini kichupa kilichobaki kabla ya kumgeukia mtoto. Usichome dawa ambayo hukuivuta mwenyewe. Mkubwa wako wa kazi akikuambia "mchomee yule, iko kwenye bomba pale", mjibu kwa heshima: "Samahani dada, nionyeshe kichupa." Dada mwenye busara hatakasirika. Na akikasirika, utakuwa umemlinda mtoto.

Mtoto yupi?

Ukiita "Mama Fatuma!" kwenye kliniki ya Tanga au Kibaha watainuka watatu. Usimuulize mama, "Huyu ndiye Fatuma Juma?" maana amechoka, atasema ndiyo. Muulize, "Mtoto anaitwa nani? Alizaliwa lini?" akujibu mwenyewe, nawe ulinganishe na kadi. Bibi aliyemleta mjukuu msalimie shikamoo kwanza, halafu muulize polepole. Wakati mwingine amebeba kadi ya ndugu yake mtoto.

Uliza pia: sindano iliyopita ilikuwaje? Alivimba, alipata degedege, alishindwa kupumua? Ana homa kali leo? Mafua kidogo na joto dogo havizuii chanjo. Nimeona watoto wengi wakirudishwa nyumbani kwa kamasi tu, wakaja kuonekana tena wakiwa na surua.

Achomwe wapi

Kwa kalenda ya Tanzania: BCG bega la kulia, ndani ya ngozi, mililita 0.05 kwa mtoto aliye chini ya mwaka. Penta paja la kushoto, PCV paja la kulia, mililita 0.5 kila moja, ndani ya msuli. Wiki ya 14 inaongezeka IPV, paja la kulia pia, umbali wa sentimita 2.5 kutoka PCV. Surua-rubela, miezi 9 na miezi 18, mkono wa kushoto juu, chini ya ngozi, mililita 0.5. Kila chanjo imepewa mahali pake ili paja likivimba tujue ni ipi. Usibadilishe kwa sababu mtoto amekaa vibaya.

Paja linapatikana hivi: gawanya umbali kati ya nyonga na goti katika sehemu tatu, chukua ya katikati, halafu nenda upande wa nje, si juu kabisa na si ndani. Hapo kuna msuli mnene tangu siku ya kuzaliwa, na hakuna neva kubwa wala mshipa mkubwa.

Tako, hapana. Naomba hili ulishike hata kama mengine yote utayasahau. Mtoto mdogo ana nyama kidogo sana nyuma, na neva kuu inayoshuka mguuni inapita karibu. Sindano ikiigusa, au dawa kali ikimwagika jirani yake, mguu unalegea: mtoto aliyekuwa anatembea anaanza kuburuta unyayo, na mguu unakonda. Nilipokuwa mpya, mama mmoja aliniletea mvulana wa miaka mitatu aliyechomwa kwinini takoni kwenye duka la dawa wiki mbili nyuma. Unyayo ulikuwa unaning'inia kama kiatu kilicholegea. Alikuwa amepona malaria. Mama hakuwa na hasira, alitaka tu nimwambie utarudi lini, na sikuwa na jibu. Mashariki mwa Uganda, eneo la Kumi, madaktari wamewafanyia upasuaji watoto wengi ambao msuli wa tako ulikakamaa hadi hawawezi kuchuchumaa, na sindano za takoni zimehusishwa na tatizo hilo. Mama akikuambia "mchome nyuma, ndiko anakozoea", mweleze kwa nini paja, usimwonyeshe kwamba amesema ujinga.

Kiasi cha dawa nacho kina mpaka. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, ikizidi mililita 1 msulini fikiria kuigawa sehemu mbili, isipokuwa jedwali la dawa yenyewe linasema vingine.

Mama ashike, wewe uchome

Usimlaze mtoto kitandani na kumbana kama mwizi. Apakatwe: mkono mmoja wa mtoto upite nyuma ya mgongo wa mama, mwingine mama aushike, miguu ibanwe katikati ya mapaja ya mama, lile paja unalolitaka libaki wazi. Mwambie mama kabla, si wakati wa kuchoma, kwamba mtoto atajikunyata na yeye asimwachie. Mama akiogopa kutazama, atazame usoni kwa mtoto.

Anayenyonya, anyonye. Aanze kabla, aendelee wakati unachoma, aendelee baada. Kuna wanaoogopa mtoto atapaliwa. Kunyonyesha wakati wa chanjo ni pendekezo la Shirika la Afya Duniani tangu 2015, na utaona mwenyewe tofauti ya kilio. Toa rota, chanjo ya kuhara ya matone, kwanza maana ni tamu, kisha Penta, na PCV ambayo huuma zaidi iwe ya mwisho.

Kwa mtoto mwenye akili ya kuelewa, usimwambie haiumi. Mwambie itauma kidogo kama kuumwa na siafu, halafu itaisha. Na kuna jambo la wazazi wetu linaloniumiza: "Ukilia nesi atakuchoma sindano!" Ukilisikia kwenye benchi, nenda ukakae karibu na mtoto huyo, mwambie sindano si adhabu. Ukimwacha nayo, ataikimbia hospitali hata siku anapoihitaji.

Kuchoma kwenyewe

Mabomba ya chanjo hujifunga yakitumika mara moja. Usivute hewa kabla ya kuingia kwenye kichupa, utalifunga bila dawa. Vuta, elekeza sindano juu, gonga kidogo, sukuma hewa mpaka alama ya 0.5, usizidishe.

Msulini: tandaza ngozi kwa kidole gumba na cha shahada; kama mtoto amekonda, kusanya msuli badala ya kutandaza. Ingiza sindano wima, nyuzi 90, kwa mkono mmoja wa haraka. Wanaosita huumiza zaidi. Kwa chanjo usivute nyuma kutafuta damu. Pajani hakuna mshipa mkubwa, na kuvuta kunaongeza maumivu. Kwa benzathini penisilini vuta, kwa sababu dawa hiyo nzito ikiingia mshipani inaweza kusimamisha moyo. Damu ikionekana, toa, tupa, anza upya na kila kitu kipya. Na seftriaksoni, dawa nyingine ya kuua bakteria, ikichanganywa na lignokeni ya ganzi ni ya msulini tu, haiingii kamwe kwenye kanula, ule mrija wa mshipani.

Chini ya ngozi: finya ngozi, ingia kwa nyuzi 45.

Ndani ya ngozi, yaani BCG, ndiyo ngumu, na itakuchukua wiki. Laza bomba karibu sawa na mkono wa mtoto, tundu la sindano litazame juu, ingia juujuu tu mpaka tundu lipotee. Ukisukuma utahisi ugumu, na kiuvimbe cheupe chenye vitundu kama ganda la chungwa kitainuka. Kama inaingia kirahisi na hakuna kiuvimbe, uko chini sana; rudi nyuma kidogo. Ukishamaliza dozi na kiuvimbe hakikutokea, usirudie. Andika, mwambie mama arudi akiona jipu au tezi kwapani.

Toa sindano, bonyeza pamba, usisugue.

Kabla hajaondoka

Waambie wakae dakika 15 hadi 30, pale unapowaona. Mzio mkali ni nadra mno, lakini ukija unakuja upesi: kuvimba uso, vipele mwili mzima, kupumua kwa shida, mtoto anakuwa baridi na kulegea. Dawa ni adrenalini, miligramu 1 kwa mililita, kipimo mililita 0.01 kwa kila kilo, msulini pajani. Mtoto wa kilo 10 ni mililita 0.1. Mlaze, inua miguu, ita msaada. Kama hajapata nafuu baada ya dakika 5, rudia. Kila asubuhi kabla ya kufungua kliniki ishike ampuli hiyo kwa mkono wako, soma tarehe yake, weka bomba la mililita 1 kando yake. Kusikia kwamba ipo kabatini hakutoshi.

Mwambie mama cha kutegemea: joto usiku, paja gumu kidogo. Ampe maziwa, amkande kwa kitambaa cha maji ya kawaida. Kidonda cha BCG kitatokea wiki kadhaa baadaye, kitatoa usaha kidogo, kitakauka kiache kovu. Asipake majivu, dawa ya meno wala majani. Akishindwa kunyonya, akipata degedege, au akilia saa nyingi bila kunyamaza, arudi hata usiku.

Andika kwenye kadi na kwenye daftari sasa hivi, pamoja na namba ya toleo la chanjo. Ukiahirisha hadi foleni iishe, utaandika kwa kukumbuka.

Bomba lililotumika

Usilifunike kifuniko. Usilitenganishe na sindano. Kutoka pajani moja kwa moja hadi boksi la njano, mwendo mmoja. Boksi likifika robo tatu, lifunge, chukua jingine; usilisukume wala kulitikisa ili likubali mengi zaidi.

Ukijichoma, achia kazi. Osha kwa maji mengi na sabuni, usikamue, usimimine jiki. Mwambie msimamizi pale pale, siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU zinaanza mapema iwezekanavyo, na zikipita saa 72 hazina faida tena; zinanywewa siku 28. Wengi hunyamaza kwa kuona haya mbele ya wakubwa, wakaenda nyumbani na hofu yao. Usinyamaze, na ukiwa mkubwa siku moja, usimgombeze atakayekujia.

Kabla hujatoka kwenda kutibiwa, kuna jambo moja mezani. Mkabidhi mwenzako: mtoto gani amepata nini, kichupa kipi kilifunguliwa saa ngapi. Bomba ulilokuwa umelijaza kwa ajili ya mtoto anayefuata, litupe wewe mwenyewe kwenye boksi, ili yeye avute lake.